Kutahayari

Sitati wa dawati la nyuma aliuliza:
"Mwalimu, kutahayari ni nini hasa?"
Nikasema ni kuona haya. Nikaandika ubaoni,
chaki ikakatika, akanakili, kengele ikalia.

Nilimpa nusu.

Haya mtu hutoka nayo nyumbani
kama leso iliyokunjwa mfukoni.
Aibu huja baadaye, na watu nyuma yake.
Kutahayari ni pale katikati:
hujakosa, hujakosewa,
ila mikono imekosa pa kwenda.

Hapa kwetu Chwele neno hilo hulisikii sokoni.
Mtu husema, "Nilisikia vibaya,"
au, "Sikujua uso niuweke wapi,"
kisha hucheka, akaangalia viatu vyake.

Siku ya soko nimeinamia rundo la mitumba,
nimeshika chupi, ya kijivu, ya kiume,
navuta mpira wa kiuno nione kama una uhai.
Ukavutika kuliko nilivyouvuta.
Upande wa pili wa rundo, mkono.
Bangili ya shaba. Naijua bangili ile.

Mama mkwe.

Mama aliyemzaa Namaemba,
ambaye nikiona kilemba chake njiani
naingia shambani kwa watu, kwenye mahindi, hadi apite;
ambaye kiganja chake sijakigusa tangu nioe,
miaka kumi na minne.

Sasa tumeunganishwa na lastiki.
Nikiachia, itampiga.
Akiachia, itanipiga.
Mwenye mali anaita, "Mbili hamsini! Mbili hamsini!"

"Huko kwenu mvua imenyesha?"
akaiuliza ile chupi.
"Imenyesha, mama," nikaijibu,
na jua linawaka, na vumbi li kwenye kope,
na mahindi yangu yamejikunja kama sigara.

Akaachia polepole, kidole baada ya kidole,
akinirudishia mpira kwa upole
kama anayemlaza mtoto aliyesinzia,
kisha akageukia sweta za watoto
akazichambua kwa bidii sana,
yeye ambaye wajukuu wake wote wamepita kimo kile.

Nikainua macho nilipe.
Anayepokea pesa, kando ya mwenye mali, ni Sitati.
Ameona yote.
Hakunisalimu. Alichukua hamsini yangu,
akashusha uso, akaanza kukunja mashati
yaliyokwisha kukunjwa,
moja,
na jingine,
na lile la kwanza tena.

Darasani hakuuliza tena.
Nami ubaoni sikuongeza kitu.