Kisiwa cha Chaki

Kabla ya mbao kulikuwa na chaki.
Nilipiga magoti jikoni, nyumba ya kupanga, Pasua,
nikachora kisanduku sakafuni,
shibiri tano kwa nne,
kati ya jiko la gesi na sinki.

Wifi yangu Aikande, aliyewahi kuishi Upanga,
ndiye aliyeniambia kinaitwa kisiwa.
Kisiwa, Moshi? Nikacheka.
Bahari yetu hapa ni ndoo mbili
na Jumamosi ninapodeki.

Wiki nzima tuliishi na ile chaki.
Nilimenya ndizi za mtori
nimesimama kando ya meza isiyokuwepo.
Ndesario aliruka mistari kwa mguu mmoja
hadi nikamkemea: usikanyage meza!
Elinami akirudi usiku aliizunguka kwa adabu
kama apitavyo mtu kando ya kaburi kihambani.

Siku ya saba nikainama kutazama.
Upande wa sinki mstari ulikuwa mzima, mweupe.
Upande wa jiko haukuwepo.
Nyayo zetu zilikuwa zimeufuta bila kuniuliza.
Nikapunguza shibiri moja na vidole viwili.

Majengo, karakana ya fundi Kaanaeli,
mwenye maranda hadi kwenye nyusi.
Kwanza akanionyesha mninga, mwekundu, mzito.
"Huu utakuzika, mama, nao ubaki."
Umetoka wapi?
"Mbali."
Na muhuri wa misitu?
Akatazama mabati. Akasema ulifika usiku,
na vinavyofika usiku havina karatasi nyingi.
Nikauondoa mkono wangu.

Akaleta ubao wa kiwandani,
unga wa mbao na gundi
uliovikwa ngozi inayojidai mkangazi.
Nikadondoshea maji pembeni.
Tukazungumza habari za ada za shule, mvua, bei ya misumari.
Tulipogeuka pembe ilikuwa imevimba
kama shavu lenye jino bovu.

Elinami alitaka mninga. Nisimsingizie, aliutaka kwa ajili yangu.
"Mara moja tu maishani tununue kitu cha watu wazito."
Hatukusemezana kutoka Majengo hadi mlangoni.

Mgrevilea ndio uliotupatanisha.
Ulisimama Kirua, kwa mama mkwe,
umepandwa na marehemu baba
mwaka ambao wenzake waling'oa kahawa, yeye akagoma.
Kivuli chake kilikuwa kimegeuka giza:
mibuni chini yake, majani matupu, tunda hakuna.
Mama alikuwa ameshaupigia hesabu ya kuni.
Tulipomwomba akasema, chukueni,
ila mmoja ukianguka, miwili isimame.

Kibali cha mtendaji, siku tatu na soda moja.
Halafu mbao zikalala miezi mitano
darini mwa banda la ng'ombe, zikikauka,
nami nikarudia chaki kila ilipofutika,
sijui kwa nini, labda nilishaizoea.

Chini ya randa ubao ukatoa madoa madogo
kama mchele uliomwagika, asirudi mtu kuuokota.
Elinami akapitisha kidole, akapitisha tena.
Nta ya nyuki, nikamwambia fundi, si vanishi,
vanishi siku moja tutaila kwenye chapati.
Na magurudumu mawili, kwa sababu nyumba si yetu.

Ni kidogo. Sinia moja, kibao, bakuli la unga,
na kiwiko cha mtoto anayefanya hesabu.
Jumamosi nikimwaga maji Ndesario hupanda juu,
anakunja miguu, anatangaza kwamba kuna mamba.

Jana mama mkwe kapiga simu.
Meza hakuiulizia.
Mche mmoja, kasema, umeliwa na mbuzi wa kwa Mangowi.
Umebaki mmoja.
Nimeweka vifuko viwili vya udongo juu ya kisiwa,
kimoja cha deni, kimoja cha mbuzi.