Mayai Kumi na Manne

Mama alidhani ni yai.
Saa kumi na moja alfajiri, mtaa wa Las Palomas,
mwali wa kiwanda ukiwaka nyuma ya makaburi kama kawaida yake,
akainuka kitandani: "Humu ndani mna yai viza."

Akaketi na beseni, akayapasua moja moja,
akinusa kila ganda kama anayesoma barua.
Zima. Zima. Hili nalo zima.
Mayai ya wiki nzima, ya mikate ya kuuza stendi,
kumi na manne, viini vyote vikimkodolea,
na viza halimo.

Kisha harufu ikaondoka.
Akacheka. "Imekwisha," akatuambia,
nasi tukageuza ubavu, tukalala.

Ndiyo kwanza ilikuwa inaanza.
Daktari alinieleza miaka mingi baadaye,
akichora pua nyuma ya cheti cha dawa:
gesi ile huja ikipiga hodi,
ikizidi humkaba bawabu kwanza.
Pua ikifa, nyumba haina wa kuuliza nani wewe.

Chiriku wa Bwana Eleuterio, chali, chini ya kitundu.
Mbwa wa mtaa barabarani, wote wameelekea mtoni.
Hermelinda mlangoni, ndoo wima, maji hayajamwagika.
Na Mama kando ya beseni,
mkono mmoja ndani ya ute.

Kampuni ilileta karatasi: hitilafu ndogo ya vali,
dakika ishirini na tano,
hakuna kilichovuka uzio.
Uzio wenyewe ni wa waya.
Kuku wetu walikuwa wakiupita kwenda kutaga upande wa pili.

Huu ni mwaka wa kumi na tisa.
Kila Machi nampeleka Baba zahanati, apulize mrija.
Crescencio, tarumbeta ya kwanza ya bendi ya manispaa,
aliyeweza kushikilia sauti moja
mpaka padri akasahau mahubiri.

Jedwali la fidia linaanzia asilimia arobaini kwenda chini.
Mwaka jana alipata arobaini na mbili.
Mara hii nikamnong'oneza: Baba, bakiza.
Puliza kidogo. Ni asilimia mbili tu.
Akanitazama kama niliyemtuma kuiba.

"Vuta," akasema muuguzi. "Puliza. Puliza, puliza,
usiache, mzee, puliza—"
na mabega yakapanda hadi masikioni,
na akatoa yote, yote, hata ile ya kurudia nyumbani,
midomo ikawa zambarau.

Arobaini na moja.

Akatabasamu. Akapangusa mrija kwa leso
kama anayeirudisha tarumbeta kwenye sanduku lake.
Kutoka pale hadi kituo cha basi ni hatua mia mbili na kumi.
Tulipumzika mara sita.
Sikumsemesha. Sikujua nimkasirikie nani.

Nabor alikuwa na miaka saba, sasa ishirini na sita.
Njia ya dukani anaijua, alichotumwa hakijui.
Namwandikia kiganjani: sabuni, chumvi.
Kuna siku hurudi ameosha mikono.

Mimi? Faili langu limefungwa. Limeandikwa: amepona.
Napika, nafua, nakohoa kidogo msimu wa mvua.
Ila kahawa kwangu ni maji ya moto,
na gauni la Mama sandukuni ni kitambaa tu.
Nimelibana usoni mara nyingi. Ni kitambaa.

Kwa hiyo mayai nayapasulia kikombeni, moja moja,
na namwita Yareli, mtoto wa jirani, miaka sita.
Ninamlipa peremende.
Leo alikunja uso wote: "Phu! Hili linanuka!"

Vizuri, nikamwambia. Vizuri sana, mwanangu.
Na siku moja kitu kikinuka hivi, kinuke, kinuke,
halafu kinyamaze ghafla,
usicheke.
Usije kuniita.
Kimbia.