Fomu ya Mbwa Aliyeokotwa

Msimu wa sungura hufungwa mwisho wa Januari.
Februari ikiingia, simu yangu hailali:
galgo kwenye kituo cha mafuta,
galgo ndani ya kisima kikavu,
galgo kando ya reli ya Toledo, kavunjika mguu,
na mtu kaufunga kwa soksi yake, kisha kaondoka.
Nawafuata kwa gari la marehemu mume wangu,
lile alilosambazia mikate.
Hata leo, jua likiwaka, mbwa huramba sakafu
wakitafuta unga wa miaka ile.

Huyu hakuokotwa.
Huyu aliletwa, saa tano usiku, katika manyunyu,
na mtu aliyesimama mbali na taa ya lango.
“Nimemkuta barabarani.”
“Barabara ipi?”
“Barabarani tu.”
Nilimjua kwa kikohozi.
Tulinyonya ziwa moja, mimi na Eusebio,
tukagawana kitanda, tukagawana surua,
na tangu mazishi ya mama hatujasalimiana
kwa sababu ya hawa hawa,
wenye kifua cha mtungi na kiuno cha nyigu.

Jike. Rangi ya ufuta uliokaangwa.
Kovu la seng'enge pajani.
Nikamwita, hakuja.
Nikamrushia kipande cha jibini, hakukitazama.
Ndugu yangu akakohoa,
na yule mnyama akaenda akajilaza juu ya viatu vyake
kama mtu aliyefika kwake.

Tukanyamaza, wote watatu.
Barabara haimfundishi mbwa kulalia viatu.

Nilikuwa na maneno. Miaka tisa nimeyaweka,
nimeyanoa, nimeyahesabu kama fedha za sanda:
habari ya mlozi wa bondeni na kamba yake,
habari ya Golondrina, tuliyemlea kwa chupa,
na jinsi baba alivyorudi jioni bila yeye
akaomba supu.
Nikafungua mdomo,
kikatoka hiki: “Anakula nini?”
“Mkate mkavu na mchuzi wa mifupa,” akajibu upesi,
kisha akashtuka. “Au sijui. Nadhani.”

Kwenye fomu nikaandika: Ameokotwa. Barabarani.
Umri: takribani miaka minne.
“Minne na miezi miwili,” alisema Eusebio, akiitazama mvua.
Jina: halijulikani.
Akageuka kwenda. Hatua sita, saba,
kisha kutoka gizani, bila kutazama nyuma,
akatamka neno moja,
si kwa sauti ya kuita, kwa sauti ya kutua mzigo:
“Canela.”
Masikio yakasimama.
Nikakata neno moja kwenye fomu, nikaandika jingine.

Juni alisafirishwa hadi Ghent,
kwa Godelieve, dereva wa tramu mstaafu,
ghorofa ya tatu, ngazi arobaini na nane.
Wiki mbili mbwa hakuziweza ngazi,
na Godelieve, mwenye goti la chuma, alimbeba.
Ameniandikia: *Anaogopa ufagio. Anaogopa kofia.
Kochi langu haliogopi hata kidogo.
Usiku hukimbia akiwa usingizini,
miguu yote minne ikipiga blanketi,
nami simwamshi, namwacha amkamate sungura wake.*

Alituma na picha. Nikaichapisha,
nikaipenyeza chini ya mlango wa Eusebio bila kubisha.
Bandani kwake wamebaki wanne;
niliwahesabu kwa kubweka.

Siku nne, kimya.
Ya tano, dukani, kwenye foleni ya nyama,
nikasikia harufu ya tumbaku nyuma yangu.
“Hilo kochi,” aliuambia mgongo wangu,
“si atalirarua?”
“Kochi ni la kuraruliwa,” nikasema, macho kwenye mizani.
Sikuwa nimesamehe. Sijasamehe.
Novemba itafika, atatoka nao alfajiri kama baba.

Akakohoa,
nami nikageuka
kabla sijajua kwamba nimegeuka.