Kiambatisho

Ukutani mwa ofisi ya chama, huku Machame juu,
tulibandika karatasi: DAWA YA DENI KULIPA.
Aliyeiandika hakuandika dozi,
mara ngapi kwa siku, kabla ya chakula au baada.

Mimi ndiye mwenye leja.
Buluu ya akiba, nyekundu ya deni,
na rula ya mbao iliyopinda kidogo,
hivyo mistari yangu yote, ukiitazama vizuri,
inapanda mlima.

Ndewirwa Swai alikopa milioni mbili na laki nne.
Penye "Madhumuni" aliandika ng'ombe,
na kweli ng'ombe akaja, mweusi, baka jeupe pajini.
Nilimwona mwenyewe akishushwa kwenye fuso,
watoto wamekwisha mkatia migomba.
Miezi saba marejesho hayakuchelewa hata siku.
Wa nane, ndigana.
Ng'ombe alikufa Alhamisi. Riba haikupumzika Ijumaa.

Wadhamini tulikuwa watatu:
mimi, Anaeli wa kinu,
na Kalebi Urassa, ambaye wakati huo
alikwisha lala kihambani, chini ya migomba yake,
na kamati ikaona haya kumgongea mjane.
Milioni moja na laki saba, gawanya kwa wawili.
Kikao kizima kikatazama kalamu yangu.
Nikafungua ukurasa wenye jina langu,
nikajikata.

Laki nane na nusu. Yalikuwa mabati.
Usiku mvua ilinihesabia ndani ya sufuria,
tone, tone, bila kukosea.

Kisha Ndewirwa akaanza kuzunguka.
Kwenda gulioni akapitia ng'ambo ya mfongo,
kanisani akakaa nyuma ya nguzo.
Deni humpa mtu macho ya kisogoni.
Nami, niseme kweli, nikawa nachelewa kutoka ibadani
ili nimwone akinikwepa.

Mwezi wa tano wa kukwepana, jogoo hajamaliza kauli,
nikamkuta langoni, kofia mkono mmoja,
mkono wa pili jani la isale.
Hakusema kitu. Jani ndilo linalosema.
Bibi yangu alinifunza kwamba isale haikataliwi,
hata ikiletwa na aliyeua.
Lakini bibi yangu hakuwahi kushika leja.

Nililipokea. Nikalipeleka kikaoni.
Mwenyekiti, Bi Nsiande, akavua miwani, akaligusa.
"Jani halina risiti, Mama Aikande."
"Halina," nikasema.
Safu zetu ni nne: tarehe, maelezo, kutoa, kuweka.
Usiku ule niliitafuta ya tano.

Nilimsamehe ule mzunguko,
ng'ambo ya mfongo, nguzo ya kanisa,
na kwa siri nikajisamehe kule kumvizia.
Deni sikumsamehe.
Tuliliandika upya: elfu arobaini kwa mwezi,
miezi arobaini na mitatu, wa mwisho nusu.
Akahesabu kwa vidole, akarudia, akatia sahihi
taratibu, kama mtu avukaye mto kwa kukanyaga mawe.

Juzi ameleta rejesho la sita.
Noti zilinuka ndizi mbivu. Alipita njia kuu,
akanisalimu kabla sijamsalimu.

Leo mkaguzi amepanda kutoka Moshi mjini,
kijana wa suruali iliyopigwa pasi hadi ikawa kisu.
Amekwenda mbio, mbio, ukurasa kwa ukurasa,
hadi wa mia mbili na kumi na mbili.
Jani limekauka. Limeacha alama ya kahawia
juu ya jumla, kama mstari uliopigwa na rula nyingine.
"Na hiki?"
"Kiambatisho."
Nikamuuliza kwao ni wapi.
"Kibosho," akasema, sauti imeshuka.
Hakuuliza tena.
Akaligeuza karatasi kwa vidole viwili,
polepole, lisije likavunjika,
akaweka tiki.