Kikohozi cha Mtawala wa Tisa

Kaunta buku nilinunua Makete, kwaya tatu,
jalada jekundu lenye harufu ya duka la mafuta ya taa.
Kaka alisema: waandike wote, usimruke mtu,
halmashauri watatuwekea kibao pale njia panda.
Tuliitawala safu hii, wanasema, kabla ya mahindi,
kabla ya viazi na pareto,
enzi jembe la Mkinga liliposhuka bondeni
likarudi limekuwa ng'ombe.

Nilianzia kwa baba, maana kaburi lake nalijua:
saruji, msalaba, tarehe iliyokosewa.
Baba wa Ndelwa, Ndelwa wa Msongole,
Msongole wa Nyatogo, aliyekataa kupigwa picha na Mjerumani.
Mpaka hapo kuna karatasi.
Zaidi ya hapo ni midomo, na moshi wa jikoni.

Shangazi Atuganile alikuwa anamenya viazi,
ukungu umeingia mpaka mezani.
Alihesabu kuanzia juu, kwa yule aliyekuja na moto kwenye chungu,
akateremka jina kwa jina, kisu hakisimami,
wa sita, wa saba, Lusitu wa nane,
akakohoa,
kisha Vanidzi, na mwanawe, na mjukuu.
Watawala kumi na wanne, akasema.
Nikahesabu nilivyoandika: kumi na watatu.
Rudia, shangazi.
Akarudia. Akakohoa palepale.

Nikavuka kwenda kwa Yeremia, nyumba ndogo ya ukoo,
tuliyekosana naye kwa kesi ya shamba la miwati.
Alinikaribisha kwa ulanzi na jicho la pembeni.
Majina yaleyale. Kifua chake kizima kama ngoma mpya,
lakini baada ya Lusitu
akakohoa, kidogo, kwa adabu,
kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba anayojua haina mtu.

Hata Fanueli, mtoto wa darasa la tano,
aliyefundishwa na bibi yake wakati wa baridi ya Julai,
alisimama wima kama anaimba wimbo wa taifa,
akafika hapo, akaweka ngumi mdomoni.
Nilimuuliza: una mafua?
Akashangaa: ndivyo linavyosemwa.

Aliyenifungulia hakuwa wa kwetu.
Bibi Nyamwiga, wa ukoo wa wahunzi,
anaishi juu ya kilima cha mavi ya chuma,
kuku wake wanaparua majivu ya miaka mia sita.
Alicheka mpaka akashika ukuta.
Mwaka wa ndui, alisema, Lusitu alikufa na wanawe wote.
Kwenye ua alibaki mvukuta viriba,
mbeba chumvi wa kutoka ng'ambo, hakuna aliyejua mama yake.
Walimvika ngozi ya chui usiku.
Wakamwambia: watoto wako watakuwa wetu,
jina lako tutalimeza.
Na ng'ombe ni wako.
Akakubali. Wewe ungekataa?

Basi nikateremka na daftari langu chini ya kwapa,
nikihesabu upya: Vanidzi ni wake,
Nyatogo ni wake, Ndelwa, baba,
kaka na kibao chake,
pua hii, vidole hivi vifupi,
vya chumvi. Vya moshi.
Nilijikwaa mara mbili. Sikuona haya.
Niliona njaa, kwa kweli, nikanunua andazi.

Jumapili walijaa sebuleni, mvua inapiga bati,
Yeremia naye amekuja, amekaa karibu na mlango.
Nilikuwa nimeandika mstari wa tisa kwa wino mweusi:
*Mvukuta viriba. Mgeni. Baba yetu.*
Nikasoma. Wa sita. Wa saba. Lusitu.
Shangazi akaacha kutafuna.
Fanueli akanitazama.
Na koo langu, ambalo halikuwa na kitu,
likawasha.

Kaka akakimbilia maji.

Sasa fundi wa kibao amepiga simu kutoka Njombe:
mwalimu, hapa kati ya nane na kumi
niache nafasi, au ni makosa ya chapa?
Nimemwambia asubiri.
Ni siku ya nne leo, anasubiri,
na saruji ya nguzo imeshakauka.