Mrehani wa Ghorofa ya Pili

Walikuja mwezi wa Machi, kabla joto halijaota meno,
vijana watano, na masanduku ya magurudumu
yakilalamika juu ya kokoto za Hamriya.
Lifti mbovu (lini ilikuwa nzima?),
wakapanda ngazi wakihesabu kwa lugha yao
hadi ghorofa ya tatu, juu yetu.
Mama akauliza toka jikoni: Na hawa wa wapi?
Mataliani, nikasema.
Wako mbali na kwao, akasema. Sasa hivi wataanza kupika.

Wakaanza kupika.
Harufu ya thomu ikashuka ngazi peku,
ikabisha hodi kila mlango.

Tiziano hupima chumvi ya maji mtamboni Barka.
Ornella ni muuguzi, hurudi alfajiri viatu mkononi.
Nevio hukanda unga kwenye hoteli
asiyoweza kulala hata usiku mmoja.
Saverio na Ludovica hutengeneza ngome kuukuu,
hurudi na chokaa kwenye nyusi.
Kwetu kazi hakuna, Ludovica aliniambia
kwa Kiarabu cha kuombea chumvi.
Babu yangu alikwenda Ubelgiji kuchimba makaa,
mimi nimekuja kupaka ukuta wa babu yako.
Sikumsahihisha.
Babu yangu alikuwa na karafuu Wete, na madeni,
ngome hakuwahi hata kuigusa.

Siku moja mlango wetu ulikuwa wazi.
Ludovica akasimama, akanusa
kama mtu aliyeitwa jina lake sokoni.
Mrehani wa mama, ndani ya kopo la maziwa, dirishani.
Mama akamkatia vishada vitatu
akidhani ni vya nywele.

Usiku ikaja sahani: tambi, nyanya nyekundu,
na mrehani juu, mbichi.
Wanakula marashi! Wallahi hawa wanakula marashi!
Akacheka hadi ushungi ukamvuka.
Tena tambi bila sukari, bila nazi, bila hiliki,
tambi zimekosa nini kuteswa hivi?
Kisha akaonja.
Kisha akanyamaza. Akaniambia nilete uma.

Alhamisi iliyofuata waliteremsha viti vitano uchochoroni
baina ya kinyozi na duka la dawa.
Watafukuzwa, nikasema.
Ghulam, kinyozi, akatoa kiti chake kinachozunguka.
Biju wa dawa akaja na kreti la soda, akaligeuza, akakaa.
Mlinzi alikuja kuwafukuza kweli.
Alirudi na kiti.

Mwaka wa sabini na tatu, sisi ndio tuliokuwa wageni.
Wazinjibari, walituita, na rangi ya neno ilitegemea mdomo.
Kwenye basi tulisema Kiswahili kwa kunong'ona.
Ila usiku mama alitandika mkeka juu ya paa,
watu wanne, halafu kumi, halafu mkeka ukawa mdogo,
watoto tukalala saruji ingali na joto la mchana.
Hakuna aliyesema tunajenga kitu.
Tulikuwa tunakula tu.

Agosti, mkataba wa Nevio ukakatika.
Akapata kazi Doha. Asubuhi ya safari
alibisha kumuaga mama; mama akampa kikonyo
ndani ya chupa ya maji, mizizi yake nyuzi nyeupe.
Vipi alipita nayo uwanja wa ndege, sijui.

Alhamisi ile kiti chake kilikaa tupu.
Watu walikizunguka kama dimbwi.
Basi mama, ambaye kwa goti lake
alikuwa hajashuka ngazi tangu Idi,
akavaa buibui, akashika ukuta,
kipandio, pumzi, kipandio, pumzi,
akafika, akakaa.
Haya, akasema kwa Kiswahili, nani anapakua?
Hakuna aliyeuliza amesema nini.
Sahani ikaja.

Juzi Ludovica alituonyesha picha kwenye simu:
dirisha la Doha, kikombe kilichovunjika mkono,
majani manne.
Mama aliishika simu mbali na macho, akaitazama sana.
Mwambie asiyale kwanza, akasema.
Mwambie amjue yule bado mtoto.