Upindo

Kwanza ilikuwa jasho.
Usiku, Shauri Moyo, Julai ya baridi ya kukata masikio,
nami naloa kama nguo iliyosahauliwa kwenye beseni.
Mwongeli alibadilisha shuka mara mbili.
Mara ya tatu alikaa tu ukingoni mwa kitanda.
"Hii si malaria," akasema. "Malaria naijua."

Miaka miwili nyuma walinitia kitambaa.
Mshipa mkuu ulikuwa umevimba tumboni
kama mpira wa baiskeli unaochungulia tairi lilipopasuka,
wakapitisha kinenani mrija wa polyesta ulioshonewa waya,
ukafika huko ndani, ukajifungua kama mwavuli.
Nilimuuliza daktari: uzi gani?
Akacheka. Kisha akaniambia.
Nikaridhika, ulikuwa uzi mzuri.
Miaka arobaini na mmoja nimeshona, Gikomba, kisha Kariokor,
sare za shule, suti za harusi, joho la askofu ambaye hajalipa hadi leo,
na sijawahi kushona nguo ya kuvaliwa upande wa ndani.

Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga.
Hawakujua nguo yaweza kukaa huku.

Upper Hill, ghorofa ya tano.
Daktari Chelagat anagusa picha kwa kalamu:
"Haya mapovu meusi ni hewa. Hewa haina kazi hapa."
Damu yangu waliiotesha kwenye chupa,
kama watoto wanavyootesha maharagwe kwenye pamba,
na kweli kikaota kitu chenye jina refu.
Nililiandika kwenye daftari la vipimo,
chini ya kifua na kiuno cha mteja mmoja wa Ngara.
Kilitoka wapi? Jino. Kidole nilichojidunga sindano.
Au siku ile ile ya mwavuli. Hakuna ajuaye.

"Dawa husafiri na damu," akaeleza,
"na kitambaa hakina damu yake.
Wamejificha kwenye nyuzi."
Hapo nilimwelewa kuliko alivyodhani.
Nimeshika makoti ya mitumba mimi:
unachemsha, unaanika, unapiga pasi,
na chawa bado yumo kwenye mshono.

Basi ama vidonge hadi kaburini, tukiomba wadudu walale,
ama kupasua, kutoa chote, waya kwa waya.
"Katika kumi ninaowapasua hivi," akaanza,
akanyoosha vidole, akavikunja vingine.
Sikuhesabu.

"Na mkishatoa, mtaweka nini pale?"
"Mshipa wa paja lako mwenyewe."

Nilicheka hadi muuguzi Nekesa akaja mbio.
Ndilo somo la kwanza nililopigiwa rula:
nguo ikitoboka mahali pa macho ya watu
usikimbilie dukani, rangi itakusaliti.
Fungua upindo.
Mle mna kipande cha nguo ile ile,
kimekaa gizani miaka yote
kikingoja siku mwenzake atakapoaibika.

Wiki sita za dripu. Mwongeli akauza cherehani ya kudarizi.
Simu ikalia: elfu mbili, mia tano,
na shilingi hamsini kutoka kwa mtu tusiyemjua.

Nilipozinduka niliomba kukiona.
"Kimekatwakatwa," Nekesa akasema, "kimeenda maabara."
Hata kukipapasa, basi. Fundi hapasi kuzikwa mbali na kosa lake,
na lile halikuwa kosa langu, lakini nilitaka kulijua.

Kila Alhamisi ya pili napanda ngazi zile.
Daktari hasemi nimepona. Husema, "Bado tunaangalia."
Vidonge bado nameza. Mguu huvimba jioni;
nguo iliyofunguliwa upindo hailali tena kama zamani.

Leo, Kariokor, nusu siku tu ya kazi,
kijana ameleta suruali ya marehemu babake, imembana.
Naigeuza. Nakata uzi wa nyuma, taratibu.
Aliyeishona aliacha inchi mbili nzima ndani.

Simjui fundi yule.
Mungu ambariki mikono.